Shangazi Mpaka Saa Nane

Jumatatu, tarehe 2

Mvua ya kwanza imeshuka leo asubuhi, pamoja na simu ya msimamizi wangu wa kazi. Vyote viwili nilijua vinakuja, nikawa najitia hamnazo. Msimamizi hana maneno mengi. Amesema, "Dada, tarehe mosi ya mwezi ujao tunakuhitaji mezani kwako. Kijana anayekushikia nafasi anajitahidi, lakini juzi mteja ameomba bluu akapewa kijivu." Nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Kijana anayejitahidi iko siku atajua, na akishajua nani atamtoa kwenye kiti changu?

Mimi ni mchanganya rangi katika kiwanda cha rangi za nyumba. Mteja analeta kipande cha kitambaa, au kigae, au ganda la yai, anasema ukuta wangu uwe hivi hivi, nami natafuta mpaka naipata. Nina jicho, hilo hata wasionipenda wanakubali. Nina pia ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu, na huo mume wangu ndiye anayeutangaza.

Ninachotaka kujua sasa ni kimoja tu. Bwana Mkubwa atabaki na nani? Bwana Mkubwa ni mwanangu. Ana miezi saba na meno mawili, hana kazi, na nyumba nzima inakwenda kwa amri yake. Nimemuuliza baba yake wakati anafunga kamba za viatu. Yeye ni fundi wa friji, na asubuhi akili yake huwa imeshatangulia kwa mteja wa kwanza.

"Mama yupo," akasema.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Si yupo?"

Akabeba begi lake la spana akatoka na mvua yake. Kwake yeye jambo limekwisha.

Jumanne, tarehe 3

Mvua. Nepi hazikauki. Nimezianika mpaka juu ya mlango wa chumbani.

Alhamisi, tarehe 5

Mama mkwe amekuja leo alasiri. Anakaa mitaa miwili kutoka hapa, amestaafu kazi ya kupika shuleni, na huja siku zote alasiri, kamwe si asubuhi. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Leo nimejiuliza.

Nilimtegea kidogo. Nikasema, "Mama, kazi inaniita tarehe mosi, na sijui Bwana Mkubwa nitamwacha wapi." Nikanyamaza, nikampa nafasi aseme. Yeye akamlaza mtoto kifudifudi kwenye mapaja yake, akamkanda mgongo, akasema, "Mvua za mwaka huu zina hasira." Nikarudia kwa maneno mengine. Akauliza kama nina chai.

Kumshika mtoto anajua, jamani. Bwana Mkubwa alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, lakini mkono wa bibi yake ulipomgusa akalegea kabisa. Akamwimbia wimbo ambao sijausikia popote, wa kuosha kidole gumba, kisha cha pili, kisha cha tatu. Nilipomuuliza kautoa wapi akasema, "Nyimbo ziko nyingi."

Na nimeona kitu kingine. Kwenye upindo wa mkono wa gauni lake palikuwa na doa la bluu. Bluu hiyo si ya ukutani. Ni ile ya unga unaokorogwa kwa maji, ya kuchorea watoto, inayotoka ukiifua mara moja. Mwanamke anayeishi peke yake anachora nini? Nimeliwaza hilo doa mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, tarehe 7

Tumekwenda kuona kituo cha kwanza, mimi, mume wangu na mwenye enzi mgongoni. Kituo kinasifiwa mtaa mzima. Mwenye kituo ametupokea na simu mkononi, akatuonyesha kamera. Mzazi anaweza kumwona mtoto wake saa yoyote akiwa kazini. Mume wangu alifurahi kama ndiye aliyezifunga yeye.

Mimi nilitazama ukuta. Rangi ilikuwa mbichi, ya wiki hii. Mtu mwenye akili zake hapaki rangi katikati ya mvua, labda awe na cha kuficha. Nikajifanya nimeangusha leso nyuma ya kabati, nikainama. Kule nyuma brashi haikufika, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda mpaka dirishani.

Ila si ukungu ulionitoa pale. Watoto walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni, na wote walikuwa kimya.

"Hapa mtoto halii," akasema mwenye kituo.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akanionyesha kamera tena. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Njiani mume wangu akasema mimi nikiingia peponi nitakagua plasta kwanza. Nikamwambia afadhali mimi, yeye ataulizia friji. Tukacheka, na bado hatuna mlezi.

Jumatatu, tarehe 9

Bwana Mkubwa ameitema chupa. Nimeionja chuchu ya chupa mimi mwenyewe. Hata mimi ningeitema.

Jumatano, tarehe 11

Leo tumemjaribu jirani wa mkabala. Sisi tunamwita Redio, kwa sababu yake haizimwi. Ana mtoto wake wa mwaka mmoja na amesema wawili hawamshindi. Nikampelekea Bwana Mkubwa asubuhi, nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani nikitazama ukuta. Nilikuwa na hamu ya kujua anafanya nini, lakini nikajizuia nisivuke barabara. Nilivuka mara moja tu, kuazima chumvi. Mara ya pili nikaenda kuirudisha.

Mchana nikamkuta amelala fofofo, na alikuwa amelala karibu asubuhi yote. Mwanangu huyu halali hata nikimsihi. Nikaomba siri.

"Siri gani, mama? Chai tu. Ya rangi, na sukari ya kutosha, mpaka tumbo lijae. Wangu wote nimewalea hivyo."

Nikashukuru, nikambeba. Redio ni mwema, wala hana roho mbaya hata chembe. Ndiyo maana ilikuwa taabu kumwambia haitawezekana. Nimesingizia kuna shemeji atakayekuja kumlea. Sina shemeji anayehusika na jambo hili hata kidogo.

Ijumaa, tarehe 13

Mvua mchana kutwa. Mume wangu kauliza, "Kwani hujaongea na Mama?" Nikamwambia ni mama yake, aongee yeye. Akasema ataongea. Akasema tena, Mama yupo, usiwe na wasiwasi.

Jumapili, tarehe 15

Ameongea. Alingoja mpaka Mama amalize kula, akamnawisha mikono kwa adabu zote, ndipo akasema. Mama hakuinua macho.

"Goti langu," akasema. "Linanisumbua. Mvua zikiisha tutaangalia."

Mume wangu akaitikia haraka haraka, "Pole sana Mama, basi pumzika, mvua zikiisha." Yeye aliona amekubaliwa. Mimi niliona tumepigwa chenga. Mvua haziishi kabla ya tarehe mosi, na goti lile nimeliona likipanda ngazi zetu bila hata kushika ukuta.

Niandike ninavyohisi, maana hapa hakuna wa kunisuta. Nimeumia. Nadhani hanipendi. Mwanawe angeoa mwingine, mwenye kazi ya kukaa nyumbani, pengine goti lingepona. Nimemtazama akimchezesha mjukuu wake kwa vidole na kile kiwimbo chake, nikawaza, mbona unampenda hivi na bado hutaki kunisaidia? Kisha nikaona doa lingine, la njano safari hii, karibu na kiwiko. Hasira ikapungua kidogo, udadisi ukashika nafasi yake.

Jumanne, tarehe 17

Tumegombana. Mume wangu amesema labda nikae nyumbani mwaka mmoja, mpaka mtoto atembee. Amesema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma zaidi.

"Friji ya mtu ikiharibika," nikamwambia, "unamshauri ale vya moto mwaka mmoja?"

"Mimi nasema tu."

"Na mimi nasema tu. Kiti changu kitakuwa na mtu. Nimekipata kwa jicho langu, sikupewa na mjomba."

Akasema basi yeye atakaa. Nikamtazama. Akasema angekaa kweli, lakini wateja wake humpigia yeye, si kiwanda, na wakimkosa wiki moja wanahamia kwa mwingine. Ni kweli. Bwana Mkubwa kati yetu akapiga mikono sakafuni, akifurahia kelele yake.

Ijumaa, tarehe 20

Sijui nianzie wapi. Nianzie kiwandani.

Leo nilikwenda kazini nusu siku, ili nizoee. Mume wangu alikuwa hana mteja wa asubuhi, akabaki na mtoto. Nikavaa ovaroli yangu yenye nembo ya kiwanda mgongoni. Imenibana, lakini imefunga. Nje ya maabara yetu kuna mbao tunazopaka rangi mpya na kuziacha zinyeshewe na kuchomwa na jua, kwa sababu sisi hatuipitishi rangi kwa kuiona siku ya kwanza. Nilizikuta zote zimelowa. Yule kijana aliyeshika nafasi yangu akaniuliza maswali mengi, mazuri. Nikamjibu yote, nikajilaumu baadaye.

Nilipotoka mvua ikanikuta njiani. Si mvua ya kutembea nayo. Nikakimbilia kwenye baraza ya nyumba yenye lango la kijani, nikasimama nikijikung'uta. Mlango ukafunguliwa. Akatokea mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akaisoma nembo ya mgongoni kwangu.

"Fundi!" akasema. "Nimekusubiri tangu jana. Ingia, mvua itakumaliza."

Nilitakiwa kusema mimi si fundi wake. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nyuma yake nikasikia mtoto analia, mwingine anacheka, na mtu anasema, "Zamu ya nepi si yangu, mimi nimebadilisha wawili." Nikafuta miguu, nikaingia.

Kilikuwa kituo cha kulea watoto. Yule mama wanamwita Mwalimu, ndiye mwenye nyumba. Akanishika mkono akanizungusha kila mahali, hata huko ambako mzazi hapelekwi.

"Wazazi huwa nawaanzishia chumba cha mbele," akasema, "lakini wewe lazima uone unyevu. Tazama hapa. Na hapa wametafuna kona, wale wenye meno mapya. Hapa jikoni moshi. Usione aibu kusema, nieleze ukweli."

Nikautazama ukuta, kisha nikatazama kila kitu kingine. Ukuta ulikuwa mbaya kweli. Chini ulikuwa umechubuka, juu una madoa. Ila jikoni palisuguliwa mpaka pembeni, na chooni palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Vitoto vilikuwa vimelala kwenye magodoro kando ya dirisha, kimoja kimefumbata kidole cha mwenzake. Kulikuwa na makelele. Mlezi mmoja, dada mnene mwenye sauti nzito, alikuwa anacheza dansi na mtoto anayelia kiunoni kwake, bila muziki, huku akimgombeza mwenzake kuhusu nepi. Mtoto akasahau kulia, akabaki kumshangaa. Hakuna aliyejua kwamba natazama. Wote walijua natazama kuta.

Kisha nikaona mikono. Ukuta wa ndani wote ulijaa alama za viganja vya watoto, vyekundu, vya njano, vya bluu. Niliisogelea ile bluu. Bluu ile naijua. Na kabla sijageuka nikausikia wimbo wa kuosha kidole gumba.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, kwenye goti lile lile bovu, na aproni ya mauamaua, ananawisha watoto wanne kwa zamu. Akainua uso.

"Shangazi Mkubwa," Mwalimu akamwambia, "huyu ndiye fundi wa rangi."

Mama alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye matope ya miguu. Hakupepesa jicho.

"Karibu, fundi," akasema. "Vua viatu. Watoto wanatambaa hapo."

Nikavua viatu.

Nikamweleza Mwalimu ukweli kuhusu ukuta, maana huo nauweza. Asipake sasa, angoje ukauke mvua zikiisha, na atake rangi inayosuguliwa. Akasema nina roho nzuri, fundi mwingine angechukua kazi leo leo. Nikajibu sijui nini. Aliyenifungulia mlango wa kutokea alikuwa Mama mwenyewe.

"Safari njema, fundi," akasema, akafunga.

Jumamosi, tarehe 21

Sijamwambia mume wangu. Nimeuma ulimi mchana kutwa. Kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, tarehe 22

Mama amekuja mapema. Hajakaa, akamwambia mwanawe, "Nenda kaniangalizie friji yangu, inanguruma." Mume wangu akachukua begi akatoka. Friji ile haingurumi. Aliitengeneza yeye mwenyewe mwezi jana.

Mama akakaa, akamchukua Bwana Mkubwa, akasema, "Haya, uliza. Najua unawashwa."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla huyu hajazaliwa."

"Na goti?"

"Goti linauma nikilihitaji."

Nikamwambia wazi kwamba naelewa kila kitu isipokuwa kimoja. Kama kulea watoto bado anaweza, tena wa watu asiowajua, kwa nini si wa kwetu?

Hakukasirika. Alimvua mtoto soksi moja, akamvalisha tena, akamvua tena.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimelea tangu nina kimo cha meza. Wadogo zangu. Kisha wanangu. Kisha wa wifi yako, wote wawili, mpaka wakaanza shule. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza kama nataka. Walikuwa wanasema, mama yupo. Hivyo hivyo wanavyosema kiti kipo."

Mwezi huu mzima maneno hayo yamesemwa humu ndani, na mimi ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu aliniuliza. Alisema, mama, ungependa? Nikaona ajabu, nikamwambia anipe siku nifikirie, ingawa nilishakubali moyoni. Pale nina zamu. Saa nane navua aproni, naaga, na hakuna anayenuna. Kwako saa nane ingefika lini? Ungechelewa kazini, mvua ingenyesha, ningesema basi si neno. Kisha ningekuambia mtoto avae kofia, wewe ungesema kuna joto, na kila siku mmoja wetu angekuwa amekosea. Mimi nataka nikija hapa unifurahie."

"Mimi nilidhani hunipendi," nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo.

"Nisingekupenda ningekubali."

Nikalia na kucheka kwa pamoja. Bwana Mkubwa akatukodolea macho, akanyoosha mkono kushika chozi. Mama akasema mwanawe hajui, na anaogopa kumwambia, maana atasema watu watamcheka mama yake anafanya kazi za kubadilisha nepi za watu. Nikasema nitamwambia mimi. Akakataa. Atamwambia mwenyewe.

Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibana tangu Ijumaa. Bwana Mkubwa anaweza kwenda pale?

Mama akamvalisha mtoto ile soksi. "Nilijua utauliza. Sikutaka nikutajie mimi, uje uone nimemchukua kwa mlango wa nyuma. Nafasi ipo. Lakini sikiliza vizuri. Akija pale, mimi si bibi yake. Ni shangazi kama wale wengine. Akilia na si zamu yangu, simshiki. Wale watoto wote wana bibi zao, na hawapo pale. Siwezi kumnyanyua wangu mbele yao."

"Utaweza, Mama?"

"Wewe ndiye wa kuulizwa," akasema. "Mimi nimeshajiuliza."

Jumatano, tarehe 25

Jana jioni Mama alimwambia mwanawe. Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akamimina spana zake sakafuni, akaanza kuzipanga. Alipozungumza alisema kitu kimoja, polepole, akitazama spana zake: "Kumbe sikuwahi kumuuliza." Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Nilimwekea chai badala yake.

Leo tumekwenda wote kwa Mwalimu, safari hii mimi nikiwa na gauni na mtoto. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Fundi! Kumbe wewe mzazi? Ningejua ningekuanzishia chumba cha mbele!"

Amecheka mpaka akashika mlango. Fundi wake wa kweli alikuja Jumamosi, na Mwalimu akamrudisha kwa ushauri wangu. Mume wangu akaomba aoneshwe friji ya maziwa ya watoto. Akaipima, akasema inagandisha kupita kiasi, akavua koti, akalala chini kifudifudi kuitengeneza. Mama alipita na rundo la mashuka, akamruka miguu, akasema, "Baba, ukimaliza ufagie hapo." Akaitikia, "Ndiyo, Shangazi."

Ijumaa, tarehe 27

Bwana Mkubwa amekunywa kwa kikombe kidogo, akamwaga nusu. Chupa tumeizika.

Jumatatu, tarehe 30

Siku ya majaribio. Nimemwacha kwa saa chache. Amelia nikiwa langoni. Nimekaa barazani nikimsikiliza mpaka aliponyamaza, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nilitaka kujua amenyamazishwa na nini. Dada mnene ameniambia baadaye alimpa kijiko cha mbao apige sufuria. Nyumbani nimempa kijiko, amenitazama kama ninamwibia siri.

Jumatano, tarehe mosi

Leo nimeanza kazi. Kijana amenifutia kiti. Mteja wa kwanza ameleta ganda la kitunguu, anataka sebule iwe hivyo, nami nimefurahi kama mtu aliyerudishiwa macho yake. Sikumwaza mwanangu kwa muda, kisha nikamwaza kwa nguvu, nikakosea kipimo cha njano. Nikaanza upya.

Wiki hii ya kwanza naruhusiwa kutoka mapema. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na mbao zetu zilikuwa zinatoa mvuke juani. Nikafika kwa Mwalimu kabla ya saa nane. Sikupiga hodi. Nilikwenda dirishani, maana ndivyo nilivyo.

Bwana Mkubwa alikuwa mkekani, na alikuwa analia. Si kile kilio cha kutawala. Ni kilio cha kweli, chenye mdomo uliopinda. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwake, amembeba mtoto wa mtu mwingine, msichana mdogo mwenye mafua, anamfuta pua. Mwanangu alimwona. Alimnyooshea mikono yote miwili. Na Mama akamtazama, nikaona mkono wake ukimkaza yule msichana begani, na hakusogea. Akaita, "Dada, huyu wa mkekani ni zamu yako."

Nilishika nondo za dirisha. Nilitaka kuingia nimchukue, nimseme, nivunje kila tulichokubaliana. Dada mnene akaja mbio akifuta mikono, akamnyanyua, akaanza dansi lake. Bwana Mkubwa alilia kidogo, akasikiliza, akaweka shavu kwenye bega la mtu asiye wa ukoo wetu, akatulia. Mama aligeuza uso ukutani, kwenye vile viganja vya rangi. Kumbe ilikuwa ngumu kwake kuliko kwangu.

Sikuingia. Nilibaki pale mpaka saa nane.

Saa nane Mama alimkabidhi yule msichana wa mafua kwa Mwalimu. Akafungua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Akanawa mikono kidole kimoja kimoja, akajifuta, akavaa kilemba chake vizuri. Akaaga kila mtu, na wote wakamjibu, "Kwaheri, Shangazi Mkubwa." Akaelekea mlangoni kabisa, akatoka, akasimama barazani. Hapo akanikuta nimegandia dirishani na macho yamejaa.

Akageuka, akapiga hodi kwenye ule ule mlango aliotoka.

"Hodi," akasema. "Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

"Karibu, bibi," Mwalimu akajibu kutoka ndani, akafungua.

Bwana Mkubwa alimwona anaingia akapiga kelele ya furaha iliyowaamsha waliolala. Mama akamkumbatia, akamnusa shingoni, akamzungusha, akamwita kwa majina yote. Kisha akanitazama juu ya kichwa chake.

"Na wewe fundi," akasema, "unaingia, au unapaka dirisha?"

Nikavua viatu, nikaingia.